Mjomba katuma hela ya baiskeli ya gia, baba mtu anataka inunuliwe nyingine. Mtoto anunuliwe ileile aliyoomba?

Nyamizi wa Goba (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo kwenye jambo dogo ambalo naona linataka kuwa kubwa ndani ya nyumba yangu.

Nina kijana wa miaka 11, kamaliza darasa la tano, yuko likizo hii ya Desemba. Mjomba wake, yaani kaka yangu, anafanya kazi Muscat. Katikati ya mwaka alimwambia kwenye simu kwamba akifunga mwaka ndani ya kumi bora atampa zawadi anayoitaka mwenyewe. Kijana kawa wa saba. Mjomba akapiga, akamuuliza haya sema unataka nini. Baiskeli. Ya namna gani? Akaomba dakika, akachana karatasi ya daftari akaandika: gia 21, springi mbele na nyuma, breki za diski, rangi nyeusi na nyekundu, iwe na stendi. Kaiona duka moja pale Mbezi na amekuwa akipita kuiangalia kila tukienda sokoni. Nikaipiga picha karatasi nikaituma. Mjomba alicheka sana, halafu akatuma riyali 50, baada ya makato imefika kama laki tatu na ishirini, na ujumbe: "Hii ya baiskeli ya mjomba wangu, isiguswe."

Sasa mume wangu (na si mtu mbaya, msije mkamrukia) anasema zile za dukani ni urembo mtupu, miezi michache tu zinaanza kulia. Amepata ya mtumba wa Japani, ile yenye kikapu mbele, ringi 26, laki na sabini. Anasema atakua nayo, na kikapu kitatusaidia hata kubeba mahitaji. Kinachobaki kiingie kwenye ada na sare za Januari, maana nyuma yake kuna wadogo zake wawili.

Mtoto aliyasikia haya akiwa mlangoni. Hakulia, hakususa chakula. Ile karatasi alikuwa ameibandika ukutani kwa ubwabwa. Akaibandua taratibu, akaikunja, akaitia kwenye daftari la hisabati. Baba yake anasema umeona, kaelewa. Mimi naona hajaelewa, kanyamaza tu.

Tufuate alichoomba au tutumie akili zetu za kikubwa?

Bwana Mashaka

Hela si yenu. Nunua ya kwenye karatasi. Uzi ufungwe.

Mzee wa Chalinze

Haufungwi. Watoto wa siku hizi wanaandika mpaka rangi! Sisi baiskeli ya kwanza kuijua ilikuwa Swala ya baba, zile zilizokuwa zinatengenezwa hapahapa Dar. Mguu unaupitisha katikati ya fremu, chini ya bomba la juu, maana kiti hukifikii, unaenda umejipinda upande kama kaa. Tulijifunza, tukafika shule, tukawa watu. Hakuna aliyeuliza unataka gia ngapi. Mpeni hiyo ya kikapu, aendeshe, ashukuru.

Bwana Mashaka

Mzee, nyie hamkuulizwa. Huyu kaulizwa. Ndiyo tofauti yenyewe.

Kapuku Mstaarabu

Mimi nitasimama na mume wa dada hapa maana naona kila mtu anajitayarisha kumsulubu. Mnaijua Januari? Ada, sare, madaftari, viatu, mchango huu na ule, na kodi ya nyumba watu wengi inaangukia hapohapo. Mwanaume akiona laki moja na nusu imekaa kwenye springi za baiskeli, moyo lazima umdunde. Huyo anaitetea familia nzima, msimwite mnyang'anyi. Tatizo langu naye ni moja tu, ringi 26 kwa mtoto wa miaka 11 hapana.

Fundi Spoki

Dada Nyamizi, mimi niko Tandika na kazi yangu ndiyo hii. Niwaeleze kinachofika mbele yangu, mengine mtaamua wenyewe.

Hii ya dukani kwanza. Gia 21 ni hesabu tu: miduara ya meno mitatu mbele mara saba nyuma. Nyingi kati ya hizo zinarudiana, nzito ya mduara mmoja ni sawa na nyepesi ya mwingine. Mtoto atatumia tano au sita basi. Springi ya mbele haina kesi sana. Springi ya nyuma kwa bei hiyo ndiyo ugonjwa. Kila anapokanyaga pedeli akipanda mlima, sehemu ya nguvu yake inaishia kuibonyeza springi badala ya kuisukuma baiskeli. Inaongeza uzito. Na pale fremu inapojikunja kuna bushi, zikilegea nyuma inacheza kama mkia, na bushi zake huwezi kuzipata peke yake. Nimeshawahi kuzichonga kutoka kwenye plastiki ngumu, hazikai.

Breki za diski za waya zinashika vizuri zikiwa mpya. Lakini mtoto haegeshi baiskeli, anaitupa. Ikiangukia upande wa diski, diski inapinda kidogo, inaanza kukwaruza kila mzunguko. Breki za mpira zinazobana ringi ni za kawaida sana ila pedi zake ziko kwa kila fundi mpaka kijijini.

Nije kwa hiyo ya mtumba wa Japani. Ni chuma kweli, zimetengenezwa kwa watu wanaoenda nazo stesheni kila siku kwenye mvua. Ina dinamo, ina taa, tairi ni nene. Lakini hizo za kikapu ni nzito, kilo 18 mpaka 20, na nyingine hazina gia kabisa. Zenye gia mara nyingi ni tatu, zimefichwa ndani ya haba ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Mchanga hauingii humo, jambo zuri, ila ikiharibika mafundi wengi wataogopa kuifungua. Angalia pia ile kufuli ya duara iliyofungwa kwenye gurudumu la nyuma. Kontena zinafika bila funguo. Muuzaji atakwambia ipo nyumbani. Haipo.

Suala la ukubwa ndilo linaloniuma zaidi. "Atakua nayo" ni maneno ya shati la shule. Shati likimpwaya hafi. Mtoto mwenye urefu wa sentimita 140 hivi ni ringi 24. Mpime hivi: akae kwenye kiti kilichoshushwa, vidole vya miguu yote miwili viguse chini bila kujinyoosha; akishika usukani, viwiko visinyooke kabisa; na vidole vyake vifike kwenye mkono wa breki na viweze kuubana mpaka mwisho. Hilo la mwisho wazazi hawalipimi kamwe. Breki za watu wazima, mkono wa mtoto unazifikia kwa ncha tu.

Kuna njia ya tatu ambayo hamjaitaja. Japani wana baiskeli za watoto wa umri huo: ringi 24, fremu ya kiume, usukani ulionyooka, gia 6 nyuma. Zinakuja kwenye kontena zilezile pamoja na za vikapu, ila chache. Wanaojua wanawahi asubuhi siku kontena linapofunguliwa.

Nyamizi wa Goba

Fundi Mungu akubariki. Hilo la mkono wa breki sikuwahi kulifikiria. Nimempima kijana kwenye fremu ya mlango, ni 141.

Ila sasa ukisema njia ya tatu, bado si aliyoomba.

Fundi Spoki

Si aliyoomba kweli. Nimekwambia ya chuma tu, ya moyo waulize wengine.

Tranka la Bati

Ya moyo niachieni mimi. Nilipofaulu kwenda kidato cha kwanza baba mdogo aliniuliza nataka nini, nikasema mpira wa ngozi. Siku ya siku kaja na gari, kashusha kitu kikubwa kimefunikwa kanga. Nimetetemeka. Tranka. Tranka la bati la kwendea bweni, ambalo lilikuwa tayari kwenye fomu ya kujiunga na shule, namba mbili chini ya godoro! Watu wakapiga makofi, nikaambiwa nishukuru, nikashukuru.

Tranka lilikuwa la lazima na wangelinunua tu. Kilichoniudhi ni kuitwa zawadi. Ada ni ada, sare ni sare, ni wajibu wa mzazi. Huwezi kuchukua wajibu wako ukauvalisha kanga ukasema hii hapa zawadi yako. Sasa wewe dada, hela ya baiskeli ikigeuka sare, kijana wako Januari atavaa zawadi yake kwenda shule. Na atajua.

Kapuku Mstaarabu

Tranka 😂😂 nimecheka mpaka mke wangu kaniuliza nasoma nini. Lakini hoja umeipiga penyewe, siwezi kubisha.

Wakili wa Mtaa

Niwakumbushe kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu.

Mzee wa Chalinze

Kutoa maoni. Haijasema kununuliwa springi.

Kidawa wa Ng'ambo

Nyinyi wa bara mnanistaajabisha. Huku kwetu Unguja jambo hili tumelimaliza zamani, kwa mkono wa Idi. Mtoto anavaa nguo yake mpya, anazunguka kwa mashangazi na majirani, kila nyumba anapewa mkono wa Idi, mia tano, elfu, mwenye uwezo zaidi. Jioni wanakwenda Mnazi Mmoja viwanjani na hela zao mfukoni. Anataka bastola ya maji, atanunua. Anataka miwani ya plastiki, atanunua. Mama hamwambii weka ukanunulie kalamu. Bastola inavunjika hata hajafika Michenzani, analia, na mwakani utamwona anaigeuza mkononi mara tatu, anabonyeza, anauliza bei, anakwenda kibanda cha pili kuuliza tena. Hilo huwezi kumfundisha kwa maneno.

Sasa laki tatu si hela ya viwanjani, najua. Lakini ukimchagulia kila kitu mpaka kile alichopewa yeye, lini atajifunza kuchagua?

Ustadh Mpole

Kwa sisi Waislamu, alichopewa mtoto ni mali ya mtoto. Mzazi anaishika kwa niaba yake, anaitumia kwa maslahi yake yeye huyo mtoto, si ya nyumba nzima. Labda hali iwe ya dhiki kweli.

Kapuku Mstaarabu

Ustadh, na ile ya "wewe na mali yako ni vya baba yako" tunaiweka wapi?

Ustadh Mpole

Wanazuoni wengi wameifunga kwenye haja ya mzazi, asile mali ya mwanawe ovyo. Kikapu cha sokoni sidhani kama kinafika kwenye haja 😄. Na dada, kwa kuwa una watoto watatu, mjulishe kaka yako nao wadogo wasisahaulike. Tumeamrishwa uadilifu baina ya watoto wetu. Yeye ni mjomba, hukumu ya mzazi haimfungi moja kwa moja, lakini macho ya watoto hayajui tofauti hiyo.

Mtu wa Ruwi

Salamu kutoka Muscat. Niseme kwa upande wetu sisi tunaotuma, maana hapa mnamzungumza mtoto na baba, mtumaji mmemsahau.

Riyali 50 si hela ya mzaha. Kuna Watanzania hapa inakaribia nusu ya mshahara wao. Mtu akikutumia na akaandika "isiguswe", ana sababu. Sisi tumeshatuma hela ya bati ikawa harusi, tumetuma ya matibabu ikawa simu. Mtu anayelipa ada kimyakimya hajulikani na mtoto. Baiskeli ndiyo kitu ambacho mtoto atapanda na kusema hii ya mjomba. Kwa mtu aliye mbali hicho ndicho anachonunua. Nataka picha ya mtoto yuko juu ya kile kitu, basi nimelala usingizi.

Kwa hiyo kama mnabadilisha, mpigie kaka yako KABLA. Mweleze aliyosema fundi. Naapa atakuelewa, huenda hata akaongeza. Ukimpigia baada, hata mkiwa mmenunua nzuri mara mbili, ataona ni yaleyale.

Bwana Mashaka

Hapa sasa ndiyo penyewe. Dada mpigie kaka yako.

Mwalimu wa Zamu

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nafundisha shule ya msingi, darasa la tano hilohilo.

Mtoto akitaja mambo matano kwenye karatasi, hayana uzito sawa. Moja au mawili yanatoka kwenye maisha yake. Mengine kayasoma kwenye kikadi kilichoning'inia kwenye usukani dukani. Kazi yenu ni kujua lipi ni lipi, na hamtalijua kwa kumuuliza "kwa nini unataka breki za diski?" Hapo ataona kashtakiwa, atajitetea, na akishajitetea atang'ang'ania yote matano. Muulize jambo jingine kabisa: siku ya kwanza ukiwa nayo utaenda wapi? Na nani? Mwache aongee. Wewe endelea kuchambua mchele.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyetaka begi la picha fulani ya katuni na si lingine. Mama yake kamletea la ngozi, zuri, la bei mara mbili. Mtoto hakulibeba. Kumbe wenzake wanne wa dawati lake walikuwa na lile la katuni na walikuwa wamejiita timu. Alikuwa anaomba kuingia kwenye timu. Ubora wa ngozi ungemsaidia nini? Na kuna mwingine alitaka saa ya rangi ya bluu, akapewa nyeusi, hata hakugundua. Huwezi kujua mpaka umsikilize akisimulia.

Wifi Mkubwa

Na jingine mwalimu, baba akisema "kaelewa" kwa sababu mtoto kanyamaza, mimi huwa naogopa zaidi kuliko akilia. Anayelia bado anadhani utabadilisha.

Lami ya Goba

Jamani mimi naishi hukohuko Goba na naona wote mmeirukia baiskeli mmesahau inapopita. Ile milima mnaijua? Bodaboda wanashuka pale wamezima injini kuokoa mafuta, hawasikiki. Barabara haina njia ya baiskeli. Hata barabara ya Morogoro, ambako tangu mwendokasi ianze 2016 njia za pembeni zimejengwa, nenda ukaone sasa hivi ni bodaboda na meza za biashara. Huku kwetu hata hiyo hatuna.

Iwe nyekundu iwe ya kikapu, mimi ningeuliza: ana kofia ngumu? Ataruhusiwa wapi? Kwenye hiyo laki tatu weka ya kofia kwanza. Hilo halina mjadala na mtoto, wala mjomba, wala baba.

Nyamizi wa Goba

Asanteni sana wakuu. Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa nayafanyia kazi.

Nilifuata ushauri wa mwalimu. Tukiwa tunamenya viazi nikamuuliza kijana, siku ya kwanza utaenda nayo wapi. Akaanza kusimulia mpaka viazi vikaisha. Kumbe jioni wanapanda na wenzake watatu ule mlima wa kwenye barabara ya vumbi nyuma ya kanisa, wao wana za gia, yeye huwa anaazimwa ya rafiki yake mmoja isiyo na gia. Wenzake wanapanda wakiwa wamekaa. Yeye akifika katikati anashuka, anaisukuma, wanamsubiri juu. Wanamuita "Mkokoteni". Alivyolitamka hilo jina alikuwa anacheka, ila alikuwa anaangalia kisu.

Basi nikaelewa gia imetoka wapi. Springi hakuitaja hata mara moja kwenye simulizi lote. Diski nayo hivyohivyo. Rangi aliitaja.

Nikampigia kaka yangu kama alivyosema mtu wa Ruwi. Nikamweleza yote, mpaka Mkokoteni. Akanyamaza, kisha akasema mpe simu mjomba wangu niongee naye mwenyewe. Walivyoongea sijui, mlango ulifungwa. Baada ya hapo akaongea na mume wangu, nadhani hapo ndipo kazi ilipofanyika, kwa sababu mzee alipomaliza simu ile akasema "Jumamosi tunaenda wote watatu."

Tulianzia dukani Mbezi, kwa ileile ya kwenye karatasi. Mume wangu akamwambia ipande. Kijana akaipanda, akazunguka nayo kwenye uwanja wa duka. Fundi alikuwa ameniambia nimwambie asimame kwenye pedeli aisukume kwa nguvu. Kafanya, ikawa inadunda juu chini na yeye. Akashuka akaibonyeza kiti kwa mkono, akaangalia ile springi ya nyuma. Hakusema kitu. Bei laki tatu kamili, hapungui.

Tukaenda kwenye yadi ya mtumba. Ile ya kikapu ya baba bado ilikuwepo, akaipanda, miguu inaelea, mume wangu mwenyewe akasema shuka. Za watoto zilikuwa mbili tu: moja ya kijani gia 6, ringi 24, springi mbele peke yake, na moja ya bluu isiyo na gia. Ya kijani laki mbili na kumi. Baba yake akamwambia, na hapa nilimpenda mume wangu: "Hela ni yako. Ukitaka ya Mbezi tunarudi Mbezi sasa hivi, inabaki elfu ishirini, na kofia nitakununulia mimi. Ukichukua hii inabaki laki na kumi, utasema mwenyewe inaenda wapi."

Tulikaa juani pale muda mrefu jamani. Akaipanda ya kijani, akashuka, akarudi kuigusa, akabadili gia zote sita gurudumu likiwa limeinuliwa. Akauliza yule muuzaji, inaweza kupakwa rangi?

Kachukua ya kijani. Imepakwa nyekundu na nyeusi, elfu thelathini na tano kwa fundi wa rangi za pikipiki. Kofia ngumu kanunua baba yake kama alivyosema, hajagusa hela ya mjomba. Stendi ilikuja nayo. Pampu na tyubu ya akiba kanunua yeye. Iliyobaki iko kwenye simu yangu, kaniandikisha kwenye daftari, kiasi na tarehe, nikasaini.

Kuhusu wadogo zake, Ustadh, mjomba kasema zamu zao zinakuja, wapambane na mitihani.

Mzee wa Chalinze

Kwa hiyo hakupata aliyoomba. Nilisema.

Nyamizi wa Goba

Mzee, hakupata springi ya nyuma, hakupata diski, na gia 15 hazipo. Kwa wenzake kasema ni gia 18, mimi nimekaa kimya.

Bwana Mashaka

Gia 18 😂 na kwenye mkono wa gia imeandikwa 6. Ataumbuka siku si nyingi.

Ila mimi bado nasema angeichagua ya Mbezi mngetakiwa kuinunua, na msinung'unike ikianza kulia.

Nyamizi wa Goba

Mume wangu angeinunua, kaka. Hela ilikuwa mkononi kabisa. Kununa angenuna, siwezi kudanganya.

Tranka la Bati

Na laki ya Januari imetoka wapi?

Nyamizi wa Goba

Haijatoka bado. Kaka yangu aliuliza, mume wangu akamwambia hilo letu tutalimaliza wenyewe. Kama kuna mtu ana tenda ya mapazia, mimi ni fundi cherehani, niko PM.

Kapuku Mstaarabu

Nakuja PM, mke wangu ana sebule ya kuvisha.

Fundi Spoki

Hongereni. Mambo manne, na ya breki ni kabla hajaushuka huo mlima. Baiskeli ya mtumba nyaya za breki badilisha zote, hata kama zinaonekana nzima, kutu inaanzia ndani ya ganda. Na pedi za mpira za zamani zinakuwa ngumu kama jiwe, zinateleza, weka mpya. Akishashuka nayo wiki mbili tatu, mrudishe kwa fundi akaze spoki na anyooshe ringi. La nne, cheni msiipake grisi kwa vumbi la huko, itakuwa msasa. Mafuta ya cherehani, tone tone, na wewe unayo ndani, kisha ifutwe kwa kitambaa mpaka ikauke juu.

Lami ya Goba

Na kengele. Huo mlima wa nyuma ya kanisa kuna kona pale kwenye mwembe, hamwonani mpaka mmekutana.

Nyamizi wa Goba

Kengele haikuwepo, kweli. Namtuma leo akaichague.